Barua ya wazi: Udongo wa bonde letu uponywe, usifukiwe

Kwenu Waheshimiwa mliopewa dhamana ya mazingira, ardhi na kilimo katika mji wetu wa Mwanza na kingo za Ziwa Victoria,

YAH: UDONGO ULIOLOWA MAFUTA KATIKA BUSTANI ZETU ZA MBOGA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo nilizipeleka kwa mkono, zikapokelewa dirishani na kugongwa muhuri, na nakala zake zimo kwenye bahasha ya kaki ninayotembea nayo kila ninapoambiwa "njoo wiki ijayo". Sikupenda kulileta jambo hili mbele ya watu. Nimefundisha biolojia sekondari kwa miaka 31, na muda wote huo niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ofisi ya umma huendewa kwa utaratibu. Utaratibu nimeufuata mpaka umeniishia mkononi. Mwaka na miezi umepita, mvua za vuli zinakaribia, na bonde letu bado linanuka dizeli.

Sitataja jina la mwenye yadi wala la ofisi yoyote. Sina haja ya kumwaibisha mtu. Nataka udongo wetu.

Nyinyi tukio mnalijua, lakini wengi watakaosoma hapa hawalijui, kwa hiyo nilieleze kwa kifupi. Mwanzoni mwa masika ya mwaka jana, usiku wa mvua kubwa, ukuta wa shimo la mafuta machafu la yadi moja ya malori iliyo juu ya bonde letu ulibomoka. Oili chafu iliyokusanywa humo kwa miaka, pamoja na dizeli ya tangi lililokuwa pembeni, vikafuata mkondo wa maji hadi kwenye matuta yetu. Alfajiri tuliamshwa na harufu. Mama mmoja wa kikundi chetu ndiye aliyetangulia kufika. Alidhani ni mafuriko ya kawaida, akaingia pekupeku kuokoa miche yake ya nyanya, akatoka na miguu myeusi mpaka magotini. Ngozi ilimbabuka, akakaa wiki mbili hawezi kuvaa kiatu.

Tuko wakulima 18 katika bonde lile, na 13 kati yetu ni wanawake. Tulilima mchicha, matembele, figiri, mnavu, majani ya maboga na nyanya. Saa kumi na moja alfajiri mabeseni yalikuwa yameshafungwa khanga na kupandishwa bodaboda, mengine yakielekea Kirumba, mengine Mabatini, mengine yakiishia kwa majirani waliozoea kugonga mlango na kusema, "Mwalimu, nikatie ya mia tano." Ulikuwa udongo mzuri. Mvua za miaka mingi ziliuteremsha kutoka kwenye vilima vya mawe, ukatulia bondeni mweusi na laini, unashika maji bila kutuama. Wazee wa Kisukuma wana jina la kila aina ya udongo: luseni ule wa kichanga wa miinukoni, mbuga ule mweusi unaonata jembe, ibambasi ule mgumu unaokataa maji. Udongo tulio nao leo hawakutuachia jina lake. Ukiumwagia maji, yanabiringika juu kama matone kwenye jani la myugwa, hayaingii.

Sasa niyaeleze malalamiko yetu, moja baada ya jingine.

1. Kifusi cha moramu hakikuondoa mafuta, kimeyaficha.

Miezi miwili baada ya tukio, matipa yalikuja na moramu. Vijana waliisambaza kwa makoleo siku nzima, jioni picha zikapigwa, tukaambiwa eneo limesafishwa. Juu palipendeza kweli, pekundu na pasawa kama uwanja wa mpira. Wiki ileile nilichimba kwa jembe sehemu tano. Kila mahali, chini ya moramu, nilikuta udongo mweusi unaong'aa, na harufu ikanipanda kichwani. Mvua zilizofuata zilituonyesha wengine wote: michirizi yenye rangi za upinde wa mvua ilianza kuchuruzika pembeni ya kifusi, ikashuka kwenye mfereji.

Kuyafunika mafuta kuna hasara moja kubwa kwetu, nayo ni kuyanyima hewa. Bakteria wanaoweza kuyala mafuta kwa kasi ni wale wanaopumua oksijeni. Ukiwamwagia kifusi juu yao na kukishindilia, umewaziba pumzi, na kazi ambayo ingechukua miezi sasa itachukua miaka mingi sana. Kwa hiyo lile tendo lililoitwa kusafisha limerudisha nyuma uponyaji wenyewe.

Waheshimiwa, hili limeshatokea kwingine na limeandikwa. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi wake katika ardhi ya Waogoni, kwenye delta ya mto Niger huko Nigeria. Wachunguzi walikuta maeneo ambayo juu yalionekana masafi, huku chini mafuta yamezama, mahali pengine hadi mita 5. Walikuta pia maeneo yaliyokuwa yamehesabiwa kuwa yameshasafishwa, na bado mafuta yamo. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kuirejesha ardhi ile yote kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Bonde letu ni dogo sana ukililinganisha na Ogoni, na hilo ndilo linalonipa haraka. Bado tuko mahali ambapo jembe, samadi na miezi kadhaa vinatosha kwa sehemu kubwa. Tukichelewa, tutahitaji mashine ambazo hatuna.

2. Hakuna aliyechukua sampuli.

Walikuja watu wenye kamera. Walikuja wenye daftari. Hakuna aliyekuja na mfuko safi, koleo dogo na chupa ya kioo. Hadi leo hatujui udongo una mafuta kiasi gani, yamezama kina gani, wala ni mafuta ya aina gani hasa. Na aina ina maana kubwa. Dizeli ni nyepesi, sehemu yake huruka hewani, na iliyobaki huliwa na bakteria kwa urahisi kiasi. Oili chafu ya injini ni nzito, na imebeba mambo ambayo oili mpya haina au inayo kidogo sana: chembe za vyuma vilivyosagika ndani ya injini, madini kama risasi na kadimiamu, na zile haidrokaboni (kemikali za kaboni na haidrojeni) zenye mapete mengi ambazo baadhi yake husababisha saratani. Bakteria anaweza kula mafuta. Risasi hawezi kuila, wala jua haliichomi. Itabaki pale mpaka mtu aiondoe au mmea uinyonye, na mmea wenyewe ukiwa mchicha, basi atakayefuata ni mtoto aliyeula.

Nchi yetu ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo tangu mwaka 2007. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Ukiriguru, pale Misungwi, kuna watafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha sayansi ya udongo. Viwango tunavyo na wataalamu tunao. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: nendeni mkapime.

3. Tumeambiwa "ardhi itajiponya yenyewe".

Hili niliambiwa kwa upole, na aliyeniambia nadhani aliamini anachosema. Ndani yake mna ukweli nusu, na ndiyo maana nataka kulieleza kwa kituo.

Ni kweli udongo una viumbe wanaokula mafuta. Wamo kila mahali, hata kwenye udongo ambao haujawahi kuonja tone la dizeli. Ni bakteria wa jamii kama Pseudomonas na Rhodococcus, na kuvu za aina nyingi. Mafuta yakimwagika, wale wachache waliokuwapo huongezeka haraka. Lakini mafuta kwa sehemu kubwa ni kaboni na haidrojeni. Ni sawa na mtu aliyepewa mlima wa ugali bila mboga. Ili bakteria ajenge mwili wake anahitaji pia naitrojeni na fosforasi, na kwenye mafuta havimo vya kumtosha. Kipimo ambacho wataalamu hukitumia kama mwongozo ni kaboni sehemu 100, naitrojeni sehemu 10, fosforasi sehemu 1. Bakteria wasipoipata naitrojeni, huikomba yote iliyomo kwenye udongo. Ndiyo sababu hata pale ambapo mafuta yalipita kidogo tu, mahindi yetu yalitoka njano kama yaliyopandwa kwenye majivu: mmea na bakteria walikuwa wanagombea chakula kimoja, na bakteria ndiye mwenye mkono mwepesi.

Juu ya hilo, mafuta huzipaka chembe za udongo utando unaokataa maji, na huziba vile vitundu ambamo hewa hupita. Mzizi unakosa maji katikati ya mvua. Kwa hiyo udongo uliolowa mafuta una njaa, una kiu na umekabwa pumzi, vyote kwa mpigo. Kusema utajiponya ni kama kumwacha mgonjwa wa kipindupindu bila maji kwa sababu mwili una kinga yake.

Sikutaka kubaki na maneno ya vitabuni, nikajaribu. Nilichukua makopo tisa ya rangi ya lita nne, nikayaosha na kuyatoboa chini. Matatu niliyajaza udongo msafi wa nyumbani kwangu. Matatu, udongo wa bondeni kama ulivyo. Matatu ya mwisho, udongo wa bondeni niliouchanganya na samadi iliyooza na pumba za mpunga, nikawa naugeuza kila Jumamosi na kuulowesha kiasi, kwa wiki 14. Kisha nikapanda mahindi kumi kila kopo. Kwenye udongo msafi yaliota karibu yote. Kwenye udongo wa bondeni yaliota machache, yakanyauka kabla ya jani la tatu. Kwenye makopo yenye samadi na pumba yaliota zaidi ya nusu. Yalikuwa mafupi, ndiyo, lakini yalikuwa ya kijani, na nilipoung'oa mche mmoja nikaona mizizi myeupe. Siku hiyo nilimwita mjukuu wangu aje aitazame ile mizizi, maana nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba udongo ule umekufa.

Hayo si majaribio ya maabara na sidai hivyo. Mahindi yale sikuyala wala sikuwapa kuku. Lakini kama bibi mwenye makopo tisa barazani ameona tofauti, taasisi yenye wataalamu na bajeti itaona zaidi.

4. Mfereji unaishia ziwani.

Kutoka kwenye tuta la mwisho hadi majini ni mwendo wa dakika chache. Ziwa Victoria ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukubwa huo hutudanganya tukadhani litameza chochote. Lakini sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, huondoka kwa kugeuka mvuke, na kiasi kidogo tu ndicho hutoka kupitia mto Nile. Mvuke haubebi risasi. Kinachoingia kwa mfereji hubaki na sisi, kwenye tope la kingo ambako sato hutagia mayai na watoto huogelea. Kila mvua inayoupita ule udongo ulioachwa chini ya moramu inatoa kidogo na kukipeleka huko.

5. Fidia ilihesabu mboga, haikuhesabu udongo.

Tulilipwa mazao ya msimu mmoja. Tulishukuru, na waliolipa ada za shule kwa fedha ile walilipa. Lakini tulichopoteza ni misimu yote iliyofuata na itakayofuata. Karatasi tuliyosaini haikutaja neno "udongo" hata mara moja, nimeisoma tena na tena.

Waheshimiwa, yapo majibu ambayo nimeshayasikia dirishani, na mengine nayatarajia. Niyajibu hapa, ili muda wetu usipotee tena.

La kwanza, na zito kuliko yote: "Bustani zenu zimo ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, hamkupaswa kuwapo." Nakiri kwamba baadhi ya matuta ya chini yamo ndani ya mita hizo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye kuathiri hifadhi ya kingo. Wenye matuta hayo wako tayari kuyaacha yawe majani na miti, tumeshakubaliana kikundi kizima na nimeliandika hilo kwenye barua ya pili. Lakini hizo mita 60 ziliwekwa kwa ajili ya kulilinda ziwa. Haiwezekani sheria ileile iwe sababu ya kuyaacha mafuta mahali pale pale inapopalinda. Matuta yale yakiondolewa mboga kesho asubuhi, udongo wake bado utahitaji kusafishwa, tena kwa haraka kuliko wa juu.

La pili: "Oili chafu si sumu, mbona watu hupaka mbao?" Hupaka mbao ili mchwa asizile. Kama inamuua mchwa kwenye mbao, inamfanyaje mnyoo kwenye tuta? Udongo bila minyoo na wadudu wake ni vumbi tu.

La tatu: "Hakuna fungu." Sheria ile ile imeweka kanuni kwamba mchafuzi hulipa, na imeweka amri ya kurejesha mazingira, ambayo mwenye mamlaka anaweza kumpa aliyechafua ili arudishe ardhi katika hali yake. Hatujaomba fedha za serikali zilizopangiwa zahanati. Tumeomba amri iandikwe, ipelekwe, na ifuatiliwe.

La nne: "Mwenye yadi ameajiri vijana wa mtaa huu." Ni kweli, na wawili kati yao nimewafundisha. Tungependa waendelee na kazi, katika yadi yenye sakafu ya zege na shimo lenye ukuta imara. Hata kazi ya kugeuza udongo bondeni inahitaji vijana, walipwe waifanye.

Kuna pia aliyetushauri tumwage sabuni ya unga na kusukumia maji. Tafadhali, ushauri huo usitolewe tena kwa mtu yeyote. Sabuni huyavunja mafuta yakawa matone madogo yanayosafiri na maji. Yataondoka machoni petu na kuzama kwenye visima vifupi vya jirani, au kuteremka ziwani. Kuchoma nako kunapika sehemu ya juu, kunaacha lami, na kuua hata wale bakteria tunaowategemea.

Naomba sasa niseme jinsi kazi yenyewe inavyoweza kufanyika, kwa sababu nisingependa kuonekana naomba muujiza.

Udongo unaochuruzika mafuta ukiuminya, ule wa karibu na mkondo, uondolewe kabisa na ukabidhiwe kwa wenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi. Si mwingi, kwa macho yangu hauzidi sehemu moja ya kumi. Uliobaki utandazwe palepale juu, mbali na mfereji, kwenye eneo lililotandikwa nailoni nzito au mfinyanzi ulioshindiliwa, na kuzungushiwa tuta ili maji yasitoke. Usizidi unene wa sentimita 30 hivi, hewa ipite. Uchanganywe na pumba za mpunga, ambazo huufanya uwe mwepesi na wenye vitundu, na samadi iliyooza, ambayo inaleta naitrojeni, fosforasi na bakteria wengine wengi. Samadi isipotosha, yurea kidogo kidogo, maana ikizidi nayo inaunguza. Uloweshwe uwe kama kitambaa kilichokamuliwa, usiwe tope. Ugeuzwe kila wiki moja au mbili. Mvua kubwa ikija, ufunikwe turubai. Na upimwe: kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi miwili, ili tujue tunakwenda wapi.

Vitu hivi vyote vipo kwetu. Pumba za mpunga zimerundikana nje ya mashine za kukoboa na nyingine huchomwa moto kila siku. Samadi iko kwenye mazizi ya Magu, Misungwi na Kwimba kwa kiasi ambacho mkokoteni hauwezi kumaliza. Hata gugu maji tunalolilalamikia linaweza kuwa mboji, mradi lipimwe kwanza, kwa sababu lenyewe hunyonya madini mazito kutoka kwenye maji. Na hali ya hewa tumepewa bure. Bakteria hawa hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35 hivi. Mwanza yetu inakaa humo karibu mwaka mzima. Huko Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta mwaka 1989, walinyunyiza mbolea kwenye fukwe za baridi kali ili kuwaamsha bakteria, na ilisaidia. Sisi tunashindwaje kwenye jua hili?

Mafuta yakishapungua, zije nyasi. Vetiva, ambayo mizizi yake huteremka hata mita 3 na kuushika udongo wa mtelemko. Majani ya ginea. Mikunde, kwa ajili ya naitrojeni. Mizizi hutoa sukari inayowalisha bakteria, nayo hupasua njia za hewa mahali ambapo jembe halifiki. Nyasi za msimu huo zisilishwe ng'ombe wala mbuzi. Kisha vipimo vya mwisho, vikiwa pamoja na vya risasi na kadimiamu. Pale ambapo madini yatakuwa yamezidi kiwango, udongo uondolewe, au papandwe miti isiyo ya chakula. Sitamshauri mwenzangu yeyote kurudisha mchicha mahali hapo, hata kama ni tuta langu mwenyewe. Sehemu ya dizeli inaweza kuwa tayari ndani ya miezi. Sehemu ya oili chafu itachukua mwaka au zaidi, na tuko tayari kusubiri tukiona kazi inafanyika.

Na niseme hili pembeni kidogo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Kagera na Geita, majirani zetu wa ng'ambo ya pili ya ziwa. Malori ya mafuta yanapita barabara zetu kila siku na gereji zinaongezeka kila mtaa. Ujuzi wa kuponya udongo utahitajika katika kanda hii, kesho si mbali. Bonde letu dogo linaweza kuwa mahali ambapo maafisa kilimo na maafisa mazingira wetu wanajifunzia kwa mikono yao.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Sampuli zichukuliwe ndani ya siku 14, mbele yetu, kwa kina tofauti, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya mtaa kwa Kiswahili. Mwenye yadi atakiwe kutaja kwa maandishi ni mafuta gani yalikuwamo kwenye shimo na tangi, na shimo lijengwe upya kabla ya vuli, maana hatuwezi kuosha sakafu huku bomba linavuja. Amri ya kurejesha mazingira itolewe ndani ya siku 30, iwe na tarehe, iwe na hatua, na iwe na jina la afisa wa kuisimamia. Moramu iliyomwagwa iondolewe; inaweza kutengenezea njia ya mtaa pale ambapo haijagusa mafuta. Na wakati wote bonde likiwa chini ya matibabu, wakulima wapewe eneo jingine la muda la kulima, hata dogo, kwa sababu wengine kati yetu sasa wanafanya vibarua vya kufua nguo kwa watu waliokuwa wakiwauzia mchicha.

Kwa upande wetu tunatoa nguvu kazi. Watu 18, majembe yetu, na Jumamosi zote mtakazozipanga. Daftari la kumbukumbu nitalishika mimi. Nimeshika madaftari ya wanafunzi maisha yangu yote.

Makopo yangu tisa bado yako barazani, yamepangwa kwa mstari, na kila moja lina karatasi yake. Yeyote kati yenu akitaka kuyaona anakaribishwa siku yoyote. Mkija bondeni, njooni asubuhi kabla jua halijawa kali na harufu haijapanda, na mvae viatu vya mpira.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa mboga, Mwanza,
kwa niaba ya wakulima 18 wa bonde.